Barua ya Kumrudisha Babu Dunstan

Siku wanakijiji wa Lundombe walipopiga kura ya siri kumtafuta mtu anayefuga mamba, Notburga aliandika neno moja tu kwenye kikaratasi chake: mamba.

Hakukusudia kuchekesha watu. Katibu wa kijiji alikuwa amesimama mbele ya ofisi na rundo la vikaratasi vilivyochanwa kwenye daftari la shule, akirudia swali mara tatu ili hata waliokaa nyuma walisikie: "Andika jina la anayemaliza watoto wetu majini." Notburga alilitazama swali kama lilivyo. Anayemaliza watoto majini ni mamba. Akaandika, akakunja, akatumbukiza kwenye ndoo iliyokuwa inapitishwa.

Kura zilikuwa mia moja arobaini na nane. Mia moja arobaini na tatu zilimtaja Babu Dunstan. Tatu zilikuwa tupu. Moja iliandikwa "Mungu ndiye ajuaye." Na ya mwisho, ile ya Notburga, Mwenyekiti Othmar aliisoma kwa sauti, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna maneno mengine, kisha akaisoma tena. Mkutano ukalipuka kwa kicheko.

"Huyu naye kasoma shule gani?"

"Mwenyekiti, mwite huyo mamba aje ajitetee!"

Notburga aliinamisha kichwa, akacheka pamoja nao. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote. Mzee wa watu alikuwa amekaa pale pale, kofia magotini, anahesabiwa kura kama mbuzi wa mnada, na yeye Notburga, aliyejua kwamba ni upuuzi mtupu, alicheka ili asijulikane.

Kosa la Babu Dunstan lilikuwa hili. Alikuwa mzee wa miaka sabini na miwili, mjane, fundi wa kushona nyavu. Kila alipokwenda ziwani kuchota maji alibeba fimbo ndefu ya mwanzi. Aliyapiga maji mara tatu, akasubiri, akatazama kama kuna mapovu au kivuli, ndipo akachota kwa kata iliyofungwa kwenye mti mrefu, huku yeye amesimama mbali, juu ya jiwe. Hakukanyaga maji hata siku moja. Katika kijiji kizima, yeye peke yake ndiye aliyechota maji kama mtu anayejua kwamba ziwani kuna mamba. Kwa sababu hiyo hakuguswa. Na kwa kuwa hakuguswa, watu walisema mamba ni wake: zile fimbo tatu ni hodi anayompigia.

Wengine wote walichota kwa kuingia hadi magotini. Mabomba ya mradi yalikauka mwaka wa pili tu baada ya kuzinduliwa kwa ngoma na hotuba, kwa hiyo kila kitu kilifanyika pale pale ufukoni: kuchota, kufua, kuoga, kuroweka mihogo, kuosha samaki. Matumbo ya samaki yalitupwa majini mita tatu kutoka kwenye ndoo. Mwaka uliotangulia mamba alimchukua mvuvi mmoja mzima mzima. Kisha, Oktoba hiyo, alimkamata mkono Glorious, binti wa Lidia, mwenye miaka kumi na mitatu, akisugua sufuria. Wanaume walimpigania kwa makasia wakamtoa, lakini hospitali ya misheni pale Liuli ilibidi wamkate mkono chini ya kiwiko ili wamwokoe. Wiki moja baadaye ikapigwa kura.

Babu Dunstan alipewa barua yenye muhuri wa kijiji ikimtaka ahame katika siku saba. Aliisoma amesimama, akauliza kitu kimoja tu: "Mmeweka na muhuri?" Akaambiwa ndiyo. Akafunga mlango wake kwa kamba ya wavu, akaenda kwa dada yake Chiwanda, kusini kabisa karibu na mpaka wa Msumbiji, akiliacha kaburi la mkewe na shamba la mihogo iliyokuwa tayari kung'olewa.

Notburga hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni. Alizaliwa Maguu, kule juu milimani Mbinga, kwenye kahawa na baridi. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili alishuka ziwani kuolewa na Hamphrey, aliyekuwa akipandisha usipa, wale dagaa wa ziwani, kuuza Mbinga mjini na kila safari akisahau kitu ili apate sababu ya kurudi. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne, mwanawe Adrian anafanya kazi Songea, na bado pale Lundombe aliitwa "yule Mmatengo". Kwa miaka thelathini na miwili alikaa mikutanoni karibu na ukuta, na akaondoka na maneno yake yote aliyokuja nayo.

Lakini siku ile ya kura alifika nyumbani na maneno mdomoni.

"Uliandika nani?" alimuuliza mumewe.

"Kura ni siri."

"Mimi ni mkeo, baba Adrian."

"Ndiyo maana hasa ni siri."

"Babu Dunstan alikushonea wavu mwaka ule ulipopasuliwa na kisiki. Hukumpa hata samaki."

"Alishona, tena alishona vizuri mno." Hamphrey alitazama pembeni. "Mtu wa kawaida hashoni vile."

Notburga aliibwaga sufuria chini, mboga ikamwagika. Kwa hiyo kushona vizuri ni uchawi. Kuwa mwangalifu ni uchawi. Kuzeeka bila kuliwa ni uchawi. Aliokota mboga moja moja, na kila aliyookota hasira ilizidi kupanda.

Januari uliitishwa mkutano wa kijiji. Ajenda ilikuwa mbegu na mahudhurio ya shule. Ilipofika mengineyo, Notburga alisimama. Alishika ukuta.

"Mimi ndiye niliyeandika mamba," alisema. "Na nikipewa karatasi nyingine leo nitaandika hivyo hivyo. Babu Dunstan hana kosa. Arudishwe."

Akakaa. Kelele zilizofuata hakuzisikia vizuri. Alimsikia tu Gertruda, mwanamke mwenye sauti kuliko wote pale ufukoni, akisema, "Sasa tumempata! Karibu, Mama Mamba!" Jina likashika siku hiyo hiyo. Watoto wadogo waliomwamkia shikamoo asubuhi, jioni walikuwa wanaliimba.

Alipokuwa anaondoka, mtu alimwita kwa sauti ya chini nyuma ya choo cha ofisi. Alikuwa Cleopa, mchonga mitumbwi, rika la Hamphrey, mtu wa maneno machache.

"Shemeji. Karatasi moja kati ya zile tupu ni yangu."

"Mbona hukusema mle ndani?"

"Ndiyo nimekuja kusema."

"Umekuja kuninong'oneza nyuma ya choo, shemeji yangu. Ningeshukuru kama ungeninong'oneza mbele za watu."

Cleopa alicheka kwa aibu. Akaahidi kwamba mkutano ujao atasimama. Na wa tatu alikuja mwenyewe wiki iliyofuata, akaingia jikoni kwa Notburga: Lidia, mama yake Glorious.

"Hata mimi sikuandika jina," alisema. "Mwanangu ndiye aliyekuwa kwenye meno ya yule mnyama. Nilimuuliza, ulimwona nani? Akasema, mama, nilimwona mamba. Nikashindwa kuandika kingine. Lakini niliogopa kuandika neno lenyewe kama wewe."

"Na mkutanoni mbona walisema wanafanya kwa ajili yako?"

"Hakuna aliyeniuliza, Mama Adrian. Na hakuna aliyemuuliza mtoto."

Basi wakawa watatu. Aliyeandika "Mungu ndiye ajuaye" hakujitokeza wakati ule, wala mwenye karatasi tupu ya tatu.

Notburga alitaka waende polisi siku ile ile. Kufukuza mtu kwa kura ni kinyume cha sheria, kila mtu alijua, hata Othmar alijua, ndiyo maana aliiita "kura ya usalama". Cleopa alitikisa kichwa.

"Polisi watamleta na gari, shemeji. Watamshusha, watatuhutubia, halafu gari litaondoka. Na yeye atabaki hapa na watu mia moja arobaini na tatu. Hawa wenyewe lazima wamtake."

"Basi niwaambie mpaka lini kwamba wamekosea?"

"Hilo endelea kuwaambia, usilibadilishe hata neno. Lakini ongeza kitu wanachoweza kufanya kwa mikono. Mtu akishika jembe hasira inapata pa kwenda."

Kuanzia hapo, kila mkutano, uwe wa kijiji au wa kitongoji, ilipofika mengineyo watu walianza kuguna kabla hajasimama. Alisema yale yale: mimi ndiye niliyeandika mamba, Babu hana kosa, arudishwe. Cleopa alisimama baada yake, akasema yale yale. Lidia alisimama baada ya Cleopa, na hapo miguno ilipungua kidogo, maana mama wa mtoto aliyekatwa mkono hawezi kuzomewa kirahisi. Waliomba mambo matatu, kwa mpangilio ule ule: matumbo ya samaki yasitupwe pa kuchotea maji, ujengwe uzio wa nguzo majini, na Babu arudi.

Walilipa kwa hilo. Machi kulikuwa na msiba, na Notburga alikwenda kama wanawake wote, na kuni kichwani. Alishika mwiko akaanza kusonga ugali wa waombolezaji, sufuria ile kubwa inayotaka watu wawili. Gertruda alikuja, akauchukua mwiko mkononi mwake taratibu, kwa adabu kubwa, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. "Pumzika, dada. Mikono inayomtetea mwenye mamba, watu wataogopa kula." Wanawake wote waliona. Wakaendelea kuchochea moto. Notburga alikaa kwenye mkeka hadi mazishi yakaisha, mikono imelala mapajani, na tangu azaliwe hakuwahi kuona mikono yake ikiwa haina kazi msibani. Alirudi nyumbani hakulia. Alichukua jembe.

Kwao Maguu watu hulima ngoro: hulaza majani kwa mistari inayokatizana, hufukia kwa udongo, na kati yake hubaki mashimo yanayoshika maji ya mvua mlimani. Notburga alichimba mashimo yake hivyo hivyo juu ya ufuko, mbali na maji, manne kwanza, kisha manane. Akaenda kusimama pale wanawake wanapoosha samaki, na beseni.

"Nipeni matumbo."

"Anataka kumpelekea mamba chakula nyumbani!"

"Nitayafukia. Nipeni tu, yatawapunguzia nzi."

Wengine walimpa kwa dhihaka, wakimimina kutoka juu ili yamrukie. Aliyapokea. Kila siku, mwezi mzima, na Lidia akawa anashika upande wa pili wa beseni. Aliyafukia, akapanda maboga juu yake, na udongo ule uliolishwa samaki ulitoa maboga ambayo hata Hamphrey aliyazunguka mara mbili kuyatazama. Mei, mwanamke mmoja alikuja kuomba kuonyeshwa jinsi ya kulaza majani. Juni walikuwa tisa. Hakuna hata mmoja aliyemtaja Babu Dunstan. Walikuja kwa ajili ya maboga. Notburga alikasirika, akataka kuwafukuza.

"Waonyeshe," Cleopa alimwambia. "Matumbo hayaingii tena majini, sivyo? Hilo moja limekwisha."

Uzio ulikuwa mgumu zaidi. Cleopa alikata nguzo, zikapigiliwa majini nusu duara, hatua kumi na mbili, zimebanana kiasi kwamba mkono haupiti. Walijenga watatu tu, kwa majuma sita, Lidia na Notburga wakiwa ndani ya maji na Cleopa akilinda na mkuki. Ulipokamilika, wanawake wa Lundombe walifanya jambo ambalo Notburga hakulisahau maisha yake yote: walichota maji nje ya uzio. Walisimama hatua tatu kutoka kwenye nguzo, magotini majini, pamoja na watoto wao, ili tu isionekane kwamba wamekubali. Maana ukiingia ndani ya uzio umekiri kwamba mamba ni mnyama anayezuiwa na miti. Na kama ni mnyama anayezuiwa na miti, yule mzee mlimfukuzia nini?

"Mtaliwa kwa ajili ya kiburi!" Notburga aliwapigia kelele, yeye aliyekuwa hajui kupiga kelele. "Gertruda, mtoto wako huyo, mtoe hapo! Nichukie mimi, mtoto mtoe!"

Gertruda aliendelea kuchota. Lakini asubuhi ya siku ya tatu, kabla wengine hawajafika, Notburga alimkuta ndani ya uzio na ndoo mbili.

"Nimepitia tu," alisema Gertruda. "Huku maji si machafu sana."

"Karibu."

"Sijaja kwa ajili ya mambo yenu."

"Nimesema karibu, dada. Chota."

Baada ya Gertruda walikuja wengine, kila mmoja na sababu yake: kule kuna jiwe linaumiza, huku kuna kivuli, mgongo unauma na hapa ni karibu. Hamphrey naye alionekana siku moja amebeba nguzo nne begani. "Zilikuwa zimezagaa tu kule," alisema, akazishusha na kuanza kupigilia upande uliolegea. Nguzo zilikuwa mbichi, zimekatwa asubuhi ile ile.

Julai mamba aliibuka nje ya uzio akamchukua nguruwe mchana kweupe, mbele ya watu thelathini. Babu Dunstan alikuwa Chiwanda, siku zote hizo, na kila mtu alijua. Notburga alifikiri sasa basi, sasa wameona wenyewe. Lakini Othmar alisema pale pale ufukoni, mikono nyuma, "Anamtuma kutoka huko huko."

"Kwa nauli gani, Mwenyekiti?" Notburga aliuliza.

Mtu mmoja alicheka, na safari hii hakumcheka Notburga.

Agosti ulikuwa mkutano wa kawaida. Ilipofika mengineyo Notburga alisimama, akasema yale yale. Cleopa akasema yale yale. Lidia aliposimama hakuwa peke yake. Alimshika begani Glorious.

"Mtoto haongei mkutanoni," alisema Othmar.

"Mtoto hakatwi mkono pia," alisema Lidia. "Huyu ndiye mliyepiga kura kwa ajili yake. Msikilizeni dakika moja."

Glorious alikuwa amevaa sare ya shule, mkono mmoja wa sweta umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alizungumza akiangalia chini. "Shikamooni. Mimi nilikuwa nasugua sufuria. Kulikuwa na matumbo ya samaki miguuni kwangu, mengi. Mamba alikuja kwa ajili ya matumbo, akakuta mkono. Babu hakuwepo. Babu alikuwa ameniambia wiki ile ile, mjukuu wangu, piga maji kwanza kabla hujaingia. Nikaona aibu, wenzangu wangenicheka." Akainua macho. "Mbona hamkuniuliza?"

Kisha mzee mmoja katikati akakohoa. "Mimi kwa kweli," alisema, "siku ile niliweka karatasi tupu."

Notburga aligeuka kumtazama.

"Hata mimi," alisema mwingine. "Nilisita, nikaacha tupu."

"Mimi niliandika Mungu ndiye ajuaye," alisema wa tatu, na wa nne, upande mwingine kabisa, akasema, "Hapana, hiyo ni yangu."

Ikawa kama mvua iliyochelewa. Gertruda alisimama, mkono kifuani, akaapa kwamba moyo wake ulikataa tangu mwanzo na kwamba karatasi yake ilikuwa nyeupe pe. Notburga alianza kuhesabu kwa vidole akaishiwa vidole. Zile karatasi tupu tatu zilikuwa zimezaa hadi zikawa zaidi ya thelathini, na bado watu walikuwa wanasimama. Hata Othmar, aliyezisoma kura kwa kinywa chake mwenyewe, alisema kwamba uongozi wakati wote ulikuwa na mashaka, na kwamba wazo la uzio ofisi yake ilikuwa nalo zamani ila bajeti.

Moto ulimpanda Notburga hadi macho yakaona giza. Angewazomea, angewataja majina, lakini Cleopa alimvuta kitenge. "Waache waseme. Wakisema hawakumfukuza, watashindwa kukataa arudi."

Na kweli walipiga makofi: Babu arudi. Simu ikapigwa Chiwanda hapo hapo, mtu akashikilia simu hewani ili mkutano mzima usikie sauti ya mzee.

"Niliondoka kwa barua," alisema Babu Dunstan. "Nitarudi kwa barua." Akakata.

Hapo ndipo Notburga alipojua kwamba kubadili mawazo ya watu ni kitu kimoja, na kuwafanya waseme walikuwa na mawazo gani ni kitu kingine kabisa. Kila mtu alimtaka Babu. Hakuna aliyetaka kuandika. Othmar alisema yaliyopita yamepita, mzee ni mtu mzima, aache kununa, apande tu gari. Watu wakaanza kusema kwamba kwa kweli alikwenda kumtembelea dada yake, na amekaa muda mrefu. Baadhi walianza hata kumlaumu: kijiji kizima kinamwomba, anaringa nini?

Notburga alikwenda ofisini Jumatatu, akakaa kwenye benchi mpaka Othmar akaandika. Barua ya kwanza ilisema: "Unaruhusiwa kurudi kijijini."

"Kaomba ruhusa?" alimuuliza. "Aliyefanya kosa ndiye anayeruhusiwa. Andika nyingine."

"Mama Adrian, wewe umekuwa hakimu?"

"Mimi nimekuwa Mama Mamba, mlinipa cheo wenyewe. Andika nyingine, Mwenyekiti."

Jumanne barua ya pili ilisema kijiji "kinasikitishwa na hali iliyojitokeza". Aliirudisha mezani. Jumatano alikuja na Lidia na Cleopa, wakajaza benchi. Alhamisi wanawake wa maboga walipita na majembe, wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakakaa chini ukutani. Gertruda alikuwa mmoja wao. "Mwandikie mtu barua yake, Mwenyekiti," alisema, "mimi nina mashimo yananisubiri." Othmar aliwatazama wote, akavuta karatasi. Barua ya tatu ilikuwa na mistari miwili: "Kijiji cha Lundombe kilikufukuza bila haki. Tunakuomba urudi nyumbani kwako." Akaigonga muhuri kwa nguvu kana kwamba anaua mdudu.

Notburga na Cleopa waliipeleka wenyewe kwa bodaboda, kupitia Mbamba Bay. Walimkuta Babu Dunstan uani kwa dada yake, amekonda, anashona wavu wa mtu. Walimwamkia, akaitikia marahaba, akafuta mikono kabla ya kuipokea barua. Aliisoma mara moja, akauangalia muhuri kwa muda, kisha akamwangalia Notburga.

"Walikuwa mia na arobaini na tatu," alisema. "Nilihesabu mwenyewe, nikiwa nimekaa pale. Ni wangapi wamekubali kwamba waliniandika?"

Notburga alitamani amdanganye. Alimwona mzee alivyoshika ile karatasi kwa ncha za vidole, na hasira aliyokuwa ameimeza tangu Agosti ikapanda upya.

"Hakuna, Babu. Hata mmoja. Ukiwauliza leo, kijiji kizima kiliweka karatasi tupu."

Babu Dunstan aliitazama tena barua. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Notburga alidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Kwa hiyo nilijifukuza mwenyewe," alisema.

Aliikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko. Halafu akamwita dada yake amsaidie kukusanya vitu. Havikuwa vingi. Cleopa aliinama kumpokea mzigo, lakini Notburga hakuweza kusogea. Alibaki amesimama pale uani, ngumi zimekazwa ndani ya kitenge, mpaka mzee mwenyewe akamgusa bega akamwambia twende, mama, jua linakwenda.